Maziwa ya Mama Si ya Bure

Kila mwanamke aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito anayajua maneno haya. Nesi anasimama mbele, anasubiri minong'ono itulie, kisha anahesabu kwa vidole: maziwa ya mama yana chakula chote anachohitaji mtoto kwa miezi 6 ya mwanzo, yana kinga, yana joto linalofaa, yako tayari usiku na mchana. Akifika kidole cha tano anatabasamu. "Halafu ni ya bure, akina mama. Hayanunuliwi dukani." Benchi zima linaitikia. Nami niliitikia, tumbo likiwa limenifika mapajani.

Sasa nina mtoto wa miezi 5 na tasnifu ya uzamili iliyokwama kwenye sura ya pili. Nasema yule nesi alisema kweli nne na uongo mmoja, na uongo ule mmoja ndio unaotumika kutunyima vingine vyote.

Mwanangu alizaliwa Januari, hapa Dar es Salaam, akiwa na kilo 2.9 na sauti ya kuamsha wodi. Siku ya tatu weupe wa macho yake ukageuka manjano. Daktari akasema watoto wachanga wengi hupatwa na hali hiyo, ila yake imezidi, alazwe chini ya taa za bluu. Mtoto mwenye manjano mengi husinzia. Akisinzia hanyonyi, na asiponyonya hapati choo cha kutosha, wakati choo ndiyo njia ya mwili kuyatoa hayo manjano. Nilimweka kwenye ziwa, akavuta mara mbili, akalala.

Nesi wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, aliniletea kikombe kidogo kilichochemshwa. "Usiivute chuchu, mwanangu. Maziwa hayakai kwenye chuchu." Akanionyesha: dole gumba juu, kidole cha shahada chini, nyuma ya ile duara nyeusi. Bonyeza kurudi kifuani, kutanisha vidole, achia. Bonyeza, kutanisha, achia. Baada ya dakika 20 nilikuwa na vijiko viwili vya chai vya maziwa ya njano, mgongo unawaka, vidole vimekufa ganzi. Nikaanza kulia kwa uchache wake. Akaninyamazisha: "Yanamtosha kwa sasa. Tunarudia baada ya saa mbili."

Tukamnywesha kwa kikombe. Kumbe mtoto mchanga hamiminiwi. Unamweka wima kidogo, ukingo wa kikombe unagusa mdomo wake wa chini, naye anayaramba mwenyewe taratibu, kama paka. Ilichukua nusu saa. Nikaosha kikombe, nikalala kidogo, saa ya kukamua ikawa imefika tena. Tuliishi hivyo siku tatu mchana na usiku. Mtoto akapona, akajifunza kunyonya, tukarudi nyumbani Kimara.

Nawauliza wanaosema bure: siku zile tatu niliitwa nani? Mtu anayeamka kila baada ya saa mbili, anayetumia mikono na mgongo wake kutoa kitu ambacho bila hicho mwingine hataishi vizuri, kwa kawaida tunasema yuko kazini. Mfanye mtu huyo awe mama, kazi inageuka kuwa upendo. Na upendo, kama tujuavyo, haulipwi, haupewi likizo wala chumba.

Wiki ya saba nilirudi chuoni. Msinihukumu kabla ya kusikia hesabu. Ufadhili wangu ni wa miezi 24, hauna kipengele cha uzazi. Chuo kinamruhusu mwanafunzi aliyejifungua kuahirisha masomo mwaka mzima, na mwaka ukipita ufadhili nao umepita. Mume wangu anafanya kazi Dodoma, na sheria ilimpa siku 3 za likizo ya baba. Mtoto alipowekwa chini ya zile taa, yeye alikuwa ameshapanda basi. Kwa hiyo nilinunua pampu ya mkono Kariakoo kwa shilingi 35,000, na kikasha cha kutunzia barafu.

Asiyewahi kukamua anadhani maziwa ni kama maji ya kwenye simtanki: yapo, utayafungulia ukitaka. Mwili haufanyi hivyo. Ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa. Likiachwa limejaa saa nyingi, linaelewa kwamba mtoto hahitaji tena, linapunguza. Mtoto mchanga hula mara 8 hadi 12 kwa siku, na kila mlo anaoupata mama akiwa mbali lazima ukamuliwe mahali fulani, la sivyo kesho hautakuwepo. Mimi nilihitaji kukamua mara tatu kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Kukamua, kuosha pampu na kuhifadhi ni dakika 30 kila safari. Saa moja na nusu kwa siku, na mahali pa kukaa. Hayo tu.

Mahali penyewe palikuwa choo cha ghorofa ya tatu. Nilikaa juu ya mfuniko, pampu mkononi, kanga begani, huku wenzangu wakigonga mlango. Jaribu kukitengeneza chakula chako mwenyewe mle ndani, halafu uje tuongee.

Siku moja ya Machi semina ilivuka muda. Nilikuwa nimekamua saa nne asubuhi, mililita 90, na barafu ilikuwa imeshayeyuka. Maziwa yaliyokamuliwa yanashauriwa kukaa saa 4 nje ya friji, tena kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25. Dar es Salaam ya Machi haizijui nyuzi 25. Saa kumi nilisimama kwenye sinki la choo kile kile nikayamwaga. Blauzi ilikuwa imelowa mbele, kwa sababu mwili ulikuwa unatengeneza mengine wakati namwaga haya. Nilikumbuka vijiko viwili vya wodini.

Niliandika barua kuomba chumba. Nilijibiwa kwa mdomo, kwa upole: hakuna fungu la jambo hilo, na wanafunzi wa uzamili ni watu wazima, mnatarajiwa kujipanga. Kwenye korido ile ile kuna chumba cha kufungia viti vibovu. Viti vibovu vilikuwa vimejipanga kuliko mimi.

Nikaenda kwenye sheria, maana ndivyo tulivyofundishwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Tena inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kunyonyesha saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Saa mbili! Mimi nilikuwa naomba moja na nusu. Lakini sheria inasema mwajiriwa, na mimi si mwajiriwa wa mtu. Majirani zetu Kenya, kwenye Sheria ya Afya ya 2017, walikwenda mbali zaidi: waliwataka waajiri watenge chumba chenye maji ya kunawia, ubaridi wa kuhifadhia, soketi ya pampu, meza ndogo na kiti kizuri. Nilisoma orodha ile kama mtu mwenye njaa anayesoma menyu. Nao pia wanasema mwajiri. Kwa sheria zote mbili mwanafunzi ana kichwa cha kufundishwa, matiti hana.

Kukosa chumba kungevumilika kama si maneno ya watu. Mtoto anyonye mpira na mama yake yu hai? Jirani alinionya kwamba maziwa yaliyopoa yatamletea mtoto mchango. Vijana wenzangu, wale wa mabandiko marefu, waliniambia chupa ni uzungu na uvivu. Nesi wa kliniki alinikaripia kuhusu chupa, na huyu nilimsikiliza, kwa sababu ana sababu: chupa na chuchu zake ni vigumu kusafisha, chupa chafu inaleta kuhara, na kuna watoto wanaizoea wakakataa ziwa. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za 1981 zilizobana matangazo ya maziwa ya kopo zilibana na matangazo ya chupa. Naafiki yote hayo. Mwanangu anakunywa kwa kikombe nikiwepo mimi wa kusimamia, na kwa chupa iliyochemshwa nisipokuwepo. Lakini mtu ukinikataza chupa, ukanikataza kopo, ukaninyima chumba na muda, umebaki na ushauri mmoja tu, nao ni kwamba nikae nyumbani. Useme basi, tukusikie. Usijifiche nyuma ya afya ya mtoto.

Kila mwaka, Agosti 1 hadi 7, dunia huadhimisha wiki ya unyonyeshaji. Agosti ijayo tutaona tena fulana na mabango na viongozi wakisifia maziwa ya mama. Ningefurahi kuona kiongozi mmoja akifika na kiti, meza na kitasa cha mlango.

Hapa ningeweza kuishia, nikapigiwa makofi. Lakini hotuba yangu ina shimo, na shimo hilo lina jina. Nitamwita Neema, ingawa si jina lake.

Neema ndiye dada anayebaki na mwanangu. Alikuja kutoka Singida mtoto wangu akiwa na wiki tano. Yeye alikuwa amemwacha wake kwa bibi, wa miezi 8. Niliambiwa hilo kwenye simu na mtu aliyenitafutia msichana, kama maelezo ya pembeni: ana mtoto, lakini mkubwa, anakula uji. Nikasema sawa.

Siku za kwanza, mwanangu akilia, Neema alikuwa anatoka ndani ghafla. Nilidhani hana uvumilivu. Siku ya tatu nilimfuata uani nikamkuta ameinamia karo, amefungua kifua, anakamua na kumwaga. Maziwa yanashuka kwa kusikia kilio, na mwili haukagui kilio ni cha nani. Aliponiona alijifunika upesi, akasema, "Samahani, dada." Halafu akajifunga kanga kifuani, akaikaza kwa nguvu, ili yakauke.

Nikamwambia, "Vumilia, yatakauka tu."

Jioni ile ile niliwasha kompyuta, nikaendelea kuandika barua yangu ya kudai chumba cha kukamulia.

Sheria ile ya 2004, isiyonitambua mimi, inamtambua Neema. Mfanyakazi wa nyumbani ni mwajiriwa. Zile saa mbili kwa siku ni zake, na mwajiri anayetakiwa kuzitoa ni mimi. Lakini saa mbili za nini, wakati mtoto yuko Singida? Mimi nimeufanya umbali huo, kwa mshahara nisioweza kuutaja hapa bila aibu. Maziwa yangu yanamfikia mwanangu kwa sababu maziwa ya Neema yalimwagwa kwenye karo. Hiyo ndiyo bei, na niliyailipa kutoka mfukoni mwa mtoto wa mwenzangu.

Mwezi uliopita nilimwuliza kama angependa kumleta mtoto. Nyumba yetu ni vyumba viwili, lakini tungebanana. Alikuwa anasuuza chupa. Akasema nauli na nafasi tutazipata, ila maziwa yameshakauka, na mtoto sasa anamwita bibi mama. Kisha akaniuliza kama ya jioni niyaweke yeye kwenye jokofu au nitamnyonyesha mwenyewe.

Nimemwongeza mshahara, na analipwa siku za kwenda kwao kila mwisho wa muhula. Sisemi hayo ili nisamehewe. Nasema kwa sababu wengi tunaosoma magazeti ya aina hii, tunaojua maneno kama haki na uzazi, tuna Neema nyumbani, au mama zetu walikuwa naye. Tukidai chumba chuoni tu, tutakuwa tumeomba tuongezwe sisi kwenye orodha ya wanaostahili, na uongo wa bure utabaki pale pale, ukihamia kwa asiyeandika barua.

Kwa hiyo nimeandika barua mpya. Inaomba vitu vitatu. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, maji, soketi na jokofu, wazi kwa mwanafunzi, mhadhiri, mfagizi na mama anayepika kantini. Likizo ya uzazi kwa wanafunzi isiyokula ufadhili wao. Na kituo cha kulelea watoto wachanga ndani ya chuo, ambamo walezi wameajiriwa kwa mkataba, na watoto wao wanapokelewa mle mle. Ikipatikana hiyo ya tatu, mwanamke hatalazimika kumwacha wake ili alee wa mwingine.

Watasema ni gharama. Ndiyo, ni gharama. Siku zote ilikuwa gharama, ila ililipwa chooni, kwenye karo la uani, na Singida.

Barua niliipeleka Jumatatu. Nilipita pia kile chumba cha viti vibovu, nikachungulia dirishani. Kina soketi mbili.