Picha za bi harusi chumbani

Wadau, siku hizi harusi za huku Ndalu mpiga picha anaanzia chumbani: bi harusi anapakwa poda, shangazi anahangaika na zipu, wala hajui kamera iko wapi. Picha tamu, nakubali. Zile za kupangwa bustanini zinanichosha.

Ila kesho yake ziko Facebook zikitangaza biashara. Nani alimwuliza? Ikishasambaa WhatsApp, mimi msanidi programu nakwambia hakuna kitufe cha kuirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa. Mwaka 2023 klabu ya Casa Vera, Nairobi, ilitozwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Kwa hiyo mkataba useme: za chumbani anachagua bi harusi mwenyewe, kabla hazijatoka kwenye kompyuta ya mpiga picha.