Murhula si Kosa la Tahajia

Amedai mwandishi mmoja katika makala yake, na wengi wamemsadiki, kwamba ofisi za Bukavu ziikabidhi akili mnemba daftari, barua na orodha zake zote, kwa kuwa mashine haichoki wala haikosei. Kwamba haichoki, sina ubishi. Na kumtua karani mzigo wa kunakili orodha ile ile mara tatu ni ihsani. Lakini haikosei? Jina la Kishi, lugha ya Washi wa huku, kama Murhula au Cirhuza, ambalo hiyo "rh" ndiyo tahajia yake halali, programu iliyolelewa kwa Kifaransa na Kiingereza huweza kulidhania kosa ikalisahihisha, na mwenye haki akatoweka daftarini.

Tena kuna suala la siri za watu. Katika mji huu, ambamo hospitali ya Panzi, aliyoiasisi Dakta Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu maelfu ya wanawake waliodhulumiwa, faili la mgonjwa ni amana, na kulipeleka kwenye kompyuta za ng'ambo pasipo idhini ya mwenyewe ni hiana. Nayo Kanuni ya Dijitali ya Kongo, ya tarehe 13 Machi 2023, inazilinda habari za watu.

Basi, enyi wakuu wa ofisi, mashine na inakili, ila karani ayajuaye majina ya jamaa zake akague kila mstari, na mafaili ya wagonjwa yasitoke.