Tangi Linalomwaga Mchana
Baridi ya Juni na Julai huku Mbulu haina mchezo, kwa hiyo simshangai mtu wa Haydom anayefunga hita ya jua juu ya bati. Kinachoniudhi ni lile tangi dogo la juu linaloilisha hita kumwaga maji wiki nzima, tena kiangazi, huku fundi akibadilisha boya bila kuuliza linamwaga saa ngapi. Maji yakipata moto hutanuka: lita 200 zikitoka nyuzi 15 hadi 60 huongezeka kama lita 3, na lazima zipate pa kukaa, yaani katika tangi hilo dogo. Bomba la kumwagia likidondosha wakati wa jua kali tu, boya ni zima, ila limewekwa juu mno. Shusheni mkono wake, maji ya asubuhi yabaki chini ya tundu la kumwagia kwa upana wa kiganja. Likidondosha hata usiku, koki ya boya haifungi: ifungueni mtazame mpira wake, mara nyingi umekatika au umenasa mchanga. Ila bomba la kupumulia msiliguse. Nimeona limezibwa kwa gunzi la muhindi, na mvuke ukikosa njia, tangi la maji moto linaweza kupasuka.