Tusikuze chai tusiyoijua ladha yake

Mwulize mwanafunzi wa shule ya upili akutajie sehemu zinazokuza chai humu nchini, naye atakuhesabia vidoleni bila kusita: Kericho, Bomet, Nandi, Kisii, Nyamira, Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru. Mwulize kiasi cha mvua, aina ya udongo na jinsi ya kuchuma majani mawili na kichipukizi kimoja. Yote atakujibu, kwa kuwa yamo kitabuni na aghalabu huulizwa mtihanini. Kisha mwulize chai ya Nandi ina ladha gani, na inatofautianaje na ile ya Kirinyaga. Hapo atakukodolea macho. Usimlaumu. Hakuna ukurasa uliomfunza kuionja, na mwalimu wake naye hakufunzwa.

Nia yangu leo ni kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona kuwa la anasa, yaani kutayarisha na kuonja nyumbani chai safi ya majani yasiyotiwa vifukoni. Mimi naliona kuwa jambo la elimu na la uchumi. Nchi inayotegemea zao fulani haina budi kulijua zao hilo hadi mwisho wake, na mwisho wa chai si kiwandani wala bandarini. Mwisho wa chai ni kinywani.

Mche wa chai uliletwa humu nchini na kupandwa Limuru mwaka wa 1903. Katika miaka ya 1920 kampuni za Kizungu zilianza kuukuza kwa wingi, hasa kule Kericho, na kwa muda mrefu Mwafrika alikuwa mchumaji tu, si mwenye shamba. Mwaka wa 1960 iliundwa mamlaka ya kustawisha mazao maalum miongoni mwa wakulima wadogo, na mwaka wa 1964, punde baada ya uhuru, ikazaliwa KTDA. Leo mamia ya maelfu ya jamaa huishi kwa majani hayo, na Kenya ni miongoni mwa mataifa yanayoongoza duniani kwa kuuza chai nyeusi nje. Katika kila kilo kumi tunazozalisha, zaidi ya tisa huvuka bahari na mipaka kwenda kunywewa Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko.

Sehemu kubwa ya chai hiyo hupitia mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamishiwa pwani mwaka wa 1969. Kabla ya mnada, vielelezo hupelekwa kwa madalali na wanunuzi. Huko waonjaji husimama mbele ya safu ndefu ya bakuli, huchota chai kwa kijiko, huifyonza kwa kishindo ili itapakae ulimini na mvuke wake upande puani, kisha huitema. Tendo ambalo lingemfanya mtoto akemewe mezani ndilo linalosaidia kupanga bei ya jasho la mkulima.

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kila mwaka bonasi inapotangazwa, wakulima wengi wa magharibi mwa Bonde la Ufa hulalamika kwamba hulipwa kidogo kuliko wenzao wa mashariki. Wengine hutaja hali ya hewa na udongo, wengine hutaja namna ya kuchuma, wengine gharama za viwanda, na wengine hunong'ona kuhusu hila. Sikusudii kuamua kesi hiyo. Ninalouliza ni hili: ni wangapi kati ya wanaobishana waliowahi kuweka vikombe viwili mezani, kimoja cha mashariki na kingine cha magharibi, wakaonja? Asiyejua kuonja hulazimika kuamini atakachoambiwa, kizuri au kibaya. Anayejua kuonja huweza kuuliza swali lenye meno.

Kabla ya kuendelea, yafaa niondoe dhana moja iliyokita mizizi. Husemwa mitaani kwamba mataifa ya nje hunywa chai na sisi tumeachiwa vumbi. Katika lugha ya viwanda, vumbi si takataka iliyofagiwa sakafuni. Ni jina la daraja, na madaraja mengi ya chai yetu, kama BP1, PF1, PD na D1, hupangwa kwanza kwa ukubwa wa chembe baada ya kuchekechwa. Chembe ndogo hutoa rangi na ukali upesi, kwa sababu eneo linaloguswa na maji ni kubwa zaidi. Mwanafunzi wa Kemia analijua hilo: chumvi iliyosagwa huyeyuka haraka kuliko bonge. Kwa hiyo chai ya chembe ndogo yaweza kuwa njema au mbovu. Jina la daraja peke yake halitoshi kukwambia, sharti uonje.

Chai nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa njia iitwayo CTC, iliyobuniwa Assam, India, mwaka wa 1930 na William McKercher. Majani yaliyonyaushwa hupitishwa kati ya rola zenye meno, yakapondwa, yakararuliwa na kusokotwa kuwa punje. Njia ya pili ni ile ya kale, ambayo kwayo majani husokotwa taratibu bila kuraruliwa, yakabaki marefu na yenye umbo. Katika njia zote mbili, jani lililojeruhiwa hukutana na hewa, vimeng'enya vilivyomo vikafanya kazi, na rangi ya kijani ikageuka kuwa ya shaba kabla ya jani kukaushwa. Jani likipashwa moto mapema ili vimeng'enya vizimwe, hupatikana chai ya kijani. Mche ni ule ule. Tofauti imo katika mikono ya mtu. Chai ya kusokotwa hutengenezwa na baadhi ya viwanda vyetu, vikiwemo vya wakulima wadogo, lakini ni nadra kuikuta katika duka la kijijini.

Sasa tuingie jikoni. Hahitajiki mtu kuwa na vyombo vya thamani. Tafuta vikombe vitatu vyeupe vinavyolingana, visahani vya kuvifunika, kichujio, kijiko na saa. Tafuta pia aina tatu za chai: punje za kawaida za CTC, majani marefu yaliyosokotwa, na chai ya kijani. Kanuni ya kimataifa wanayoifuata wapimaji ni gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, kwa dakika sita. Chai hiyo hukusudiwa kuwa kali ili kasoro zisijifiche. Kwa kunywa nyumbani, kijiko kimoja cha chai kwa kikombe chatosha. Majani marefu ni mepesi, hivyo kijiko na kifure. Chai nyeusi iache dakika tatu au nne. Ya kijani haipendi maji yanayotokota. Subiri yapoe kiasi, yafike nyuzi 75 au 80 hivi, kisha uiache dakika mbili au tatu tu. Mimina maji juu ya majani, funika, halafu chuja. Usichemshe majani kwa ajili ya jaribio hili, kwani kuchemsha hukamua ukakasi mwingi na kufukuza harufu nyepesi pamoja na mvuke.

Maji nayo yana siri yake. Mombasa, maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi huchemka kwa takriban nyuzi 94, na Kericho, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, huchemka kwa nyuzi 93. Maana yake ni kwamba mkulima wa nyanda za juu hawezi kuitayarisha chai yake katika joto lile lile analolipata mnywaji wa pwani, hata akiongeza kuni namna gani. Dawa yake ni kuiacha majini dakika moja zaidi. Maji ya kisima yenye chumvi huiua ladha, na yaliyochemshwa mara nyingi huifanya ipooze. Chemsha maji mapya kila mara. Aidha, hifadhi chai katika mkebe uliofungwa barabara, mbali na vitunguu, sabuni na mafuta ya taa, kwa sababu jani kavu hunyonya harufu ya jirani yake.

Chai ikiisha kuchujwa, itazame kwanza. Je, ni ang'avu au imefifia? Inusu majani yaliyolowa yangali moto. Kisha onja bila sukari wala maziwa, uifyonze kwa sauti bila haya, na uizungushe kinywani kabla ya kumeza au kutema.

Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopata hazina. Wengi hudhani kwamba kuzungumzia ladha ni lazima tuazime maneno ya wageni. Ala! Tunayo tele. Chai isiyo na nguvu ni chapwa, ama dufu. Iliyotosheka rangi na ladha imekolea. Ile hali ya kukauka ulimi na kubana ufizi, kama mtu aliyeuma bibo au ndizi mbichi, ni ukakasi, na ukakasi si sawa na uchungu, wala uchungu si sawa na uchachu. Harufu nzuri ni mnukio; harufu ya chai iliyoingiwa na unyevu ni uvundo. Mpe mwanafunzi vikombe vitatu na umtake aandike insha ya aya mbili akivitofautisha, bila kutumia neno "tamu" wala neno "nzuri". Utashangaa jinsi kalamu yake itakavyonolewa.

Jirani yangu mmoja, mkulima aliyechuma chai tangu ujana wake, nilimkaribisha kuonja kwa namna hii. Alipokifikia kikombe kimoja alikunja uso, akaniambia kwamba majani yale yalikuwa yameshindiliwa guniani yakapata joto kabla ya kufika kiwandani. Hakuwa amesomea kuonja popote. Shamba lilikuwa limemfunza nusu ya somo. Kikombe kilimalizia nusu iliyobaki. Nilitambua siku hiyo kwamba maarifa hayo yamelala vijijini, yakingoja tu kuamshwa.

Liko pia jaribio moja la kuvutia kwa walimu wa Kemia. Mwaka wa 2011 watafiti wa chai wa Kericho walitoa aina mpya iitwayo TRFK 306, ambayo majani yake ni ya zambarau kwa sababu ya rangi asilia ziitwazo anthosianini. Itayarishe kwa maji yasiyotokota, kisha kamulia ndimu. Kinywaji hicho hubadilika rangi kikaelekea uwaridi mbele ya macho ya darasa zima. Kamulia ndimu katika chai nyeusi pia, nayo itapungua weusi. Somo la asidi na viashirio litakuwa limefika mezani bila maabara ya gharama.

Najua nitajibiwa kwamba hii ni anasa ya wenye nafasi. Mtu anayehesabu shilingi kwa ajili ya unga atatoa wapi fedha za majani marefu? Hoja hiyo ina haki yake, na ni kweli kuwa chai ya kusokotwa huuzwa ghali kuliko pakiti ya kawaida. Lakini kuonja hakuanzi na ghali. Anza na pakiti mbili za kawaida kutoka viwanda viwili tofauti, uzitayarishe kwa kipimo kimoja. Shule yaweza kununua pakiti ndogo ya majani marefu ikatosha darasa, maana kila mmoja huhitaji mafunda mawili tu.

Wengine watadhani naipiga vita chai ya maziwa. Hasha! Chai iliyochemshwa pamoja na maziwa, tangawizi au iliki ni urithi wetu, na punje za CTC huifaa sana, kwa sababu protini za maziwa hushikamana na tanini zikaupunguza ukakasi. Nami hunywa kila asubuhi. Ninachokataa ni kwamba hiyo iwe ndiyo chai pekee tunayoijua, ilhali majani yetu yana sura nyingine ambazo wageni wamezionja kabla yetu.

Sidai kwamba vikombe vitatu vitapandisha bonasi kesho. Majani ya mkulima mmoja huchanganywa kiwandani na ya wenzake wote, na aliyechuma kwa uangalifu hulipwa sawa na aliyechuma ovyo. Ndiyo sababu ujuzi huu haufai kuwa wa mtu mmoja mmoja. Kijiji kizima kikijua ladha ya kiwanda chake, kitamwuliza mkurugenzi wa kiwanda hicho maswali kuhusu kikombe, si kuhusu hesabu pekee. Nacho kitaulizana chenyewe kuhusu gunia lililoshindiliwa na jani lililokomaa kupita kiasi.

Kwa hivyo nawasihi walimu wa Jiografia, wa Kemia na wa Kiswahili waketi pamoja muhula huu na kutenga kipindi kimoja tu cha kuonja chai. Wanafunzi waliotoka katika jamii zinazochuma chai nao walete nyumbani kwao habari ya walichokionja. Tumekuwa tukiwafunza watoto mahali chai inapoota na bandari inayoisafirisha. Shime, tuwafunze pia inavyoonja, ili siku watakapokalishwa mbele ya mnunuzi wasiwe na haja ya kumwuliza chai yao ni nzuri au ni mbaya.