Mungu Yu Karibu Hata Jikoni

Juma moja lina saa 168. Mkristo aendaye kanisani kila Jumapili, akakaa huko saa mbili au tatu, husaliwa na saa 165 au 166 nje ya kanisa. Saa hizo huzitumia shambani, kisimani, darasani, jikoni, njiani na kitandani. Basi nawauliza: Je, Mungu hukutana na watu wake katika zile saa mbili au tatu tu, akawaacha peke yao saa zote zilizobaki? Wako wengi waishio kana kwamba ndivyo. Hawasemi hivyo kwa vinywa vyao, lakini matendo yao yasema. Wavuapo nguo zao nyeupe za Jumapili, huivua na ibada pamoja nazo, wakaitundika ukutani mpaka Jumapili ijayo.

Mimi nasema sivyo. Nasema ya kuwa Mungu yu karibu na mtoto achotaye maji kama alivyo karibu na kasisi asimamaye madhabahuni. Na ya kuwa mtu asiyejifunza kumkumbuka katika kazi ndogo za kila siku atamtafuta kwa taabu siku ya msiba. Nitawaeleza sababu zangu, nanyi mzipime.

Kwanza, na tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Injili zatuambia kwamba watu wa kwao Nazareti walimjua kuwa seremala, naye Luka asema kwamba alipoanza kufundisha umri wake ulikuwa kama miaka 30. Basi sehemu kubwa ya maisha yake hapa duniani ilipita katika kijiji kidogo, katika kazi za mikono ambazo hakuna aliyeziandika. Je, tuseme miaka ile ilikuwa ya bure? Au tuseme alikuwa mbali na Baba yake aliposhika msumeno, akamkaribia baadaye alipoanza kuhubiri? Hasha! Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona haya kuishi hivyo, basi jembe na kinu haviwezi kuwa ukuta kati yetu na Mungu.

Pili, sikilizeni habari za mtu mmoja wa Lorraine, nchi ambayo siku hizi ni sehemu ya Ufaransa. Mtu huyo aliitwa Nicolas Herman, naye alizaliwa katika karne ya 17, wazazi wake wakiwa maskini. Alipokuwa kijana wa miaka 18, wakati wa baridi, aliuona mti uliopukutika majani yote. Sisi twaujua mbuyu, jinsi usimamavyo mtupu wakati wa kiangazi kama mti uliokufa, na mvua zikinyesha huchipuka tena. Nicolas naye alifikiri moyoni kwamba baada ya muda mti ule utapata majani, kisha maua, kisha matunda. Katika wazo hilo akauona uwezo wa Mungu na ulinzi wake, wala hakulisahau wazo hilo maisha yake yote. Alikuwa askari, akajeruhiwa. Kisha akawa mtumishi wa nyumbani, lakini alikuwa mzito wa mikono, akivunja vyombo. Mwaka 1640 akaingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akapewa jina la Ndugu Lawrence, akawekwa jikoni.

Kazi ya jikoni hakuipenda hata kidogo. Lakini alidumu nayo miaka kama 15. Kati ya vyungu na moshi, watu wakimwita huku na huku, alijizoeza kusema na Mungu moyoni kama mtu asemavyo na rafiki aliyeketi karibu naye. Alipogeuza mayai kikaangoni, aliyageuza kwa kumpenda Mungu. Na kama hakuwa na kazi kubwa, aliona kwamba hata kuokota ubua chini kwatosha, ukiokotwa kwa upendo huo. Baadaye, kwa kuwa alikuwa kiwete, alipewa kazi ya kushona viatu vya watawa. Alikufa mwaka 1691. Barua zake na mazungumzo yake yalikusanywa na kupigwa chapa, na kitabu hicho kimesomwa na Wakatoliki na Waprotestanti pia hata leo.

Msidhani kwamba mambo hayo yalimjia kwa urahisi. Miaka yake kumi ya kwanza katika utawa ilikuwa ya mateso moyoni. Mara nyingi mawazo yake yalitangatanga, kama yatangatangavyo yetu. Lakini alipotambua kwamba amemsahau Mungu, aliomba msamaha, akarudi mara moja, pasipo kukata tamaa wala kujiumiza nafsi. Hilo nalipenda kuliko yote, maana ni jambo ambalo hata mtoto aweza kulifanya.

Labda mmoja wenu atauliza, “Mwalimu, kama Mungu yuko jikoni, ya nini basi kwenda kanisani?” Swali hilo ni jema. Twajua sote jinsi tupaliavyo moto. Moto wa nyumbani ukizimika, mtoto hutumwa kwa jirani na kigae mkononi, akaja na makaa yaliyo hai. Kanisa ni mfano wa meko yale makubwa yasiyozimika, nasi huenda huko kupalia moto pamoja na ndugu zetu. Lakini mtoto apaliaye moto, kisha akauacha njiani, amefanya kazi bure, chakula hakitaiva. Na yule asiyekwenda kupalia kamwe, kaa lake moja litazimika katika majivu. Kwa hiyo hayo mawili huenda pamoja: moto hutoka mekoni, na kazi yake ni kupika nyumbani.

Sasa nataka kusema juu ya faraja, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtoto akifiwa na mama yake, wako watu wazima wamwambiao, “Usilie, wewe ni Mkristo.” Maneno hayo hutoka katika nia njema, lakini mimi nayakataa. Bwana Yesu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua. Basi ni nani awezaye kumkataza yatima machozi yake? Tena wako watoto waombao siku za huzuni, wasione joto lo lote moyoni, wakadhani Mungu amewaacha kwa sababu ya dhambi. Hilo nalo si kweli. Mkumbukeni nabii Eliya, jinsi alivyokimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpa usingizi, na mkate, na maji. Akamwacha alale tena, ale tena. Kisha ndipo alipomwongoza mpaka Horebu na kusema naye kwa sauti ndogo. Faraja ya kwanza ya Eliya ilikuwa mkate uliookwa juu ya makaa. Basi jirani aletaye uji katika nyumba ya matanga, naye afanya kazi ya malaika yule.

Nchi zetu nazo zina ushuhuda wake. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe, Rosina, alikufa kwa homa baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye akafa siku chache baadaye. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kwa homa. Walizikwa ng’ambo ya kisiwa, upande wa bara. Hakuna awezaye kusema kwamba huzuni ile ilikuwa ndogo. Lakini Krapf hakungoja huzuni iishe ndipo amtumikie Mungu. Alirudia kazi yake ya kila siku, kazi ya polepole, ya kuuliza maneno ya Kiswahili moja moja na kuyaandika. Mwaka 1846 alianza misioni ya Rabai pamoja na Johannes Rebmann. Na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Faraja haikumwondolea makaburi yale mawili. Ilimpa nguvu ya kuishi karibu nayo na kufanya kazi.

Basi tufanyeje? Sitawapa sheria nyingi. Uchotapo maji, mwombee mgonjwa atakayeyanywa. Upukusapo mahindi, mshukuru Mungu aliyeleta mvua, na mama aliyeyapalilia. Ufunguapo kitabu chako cha hesabu, mwombe akupe bidii, kisha fanya hesabu yako, maana sala haiwi badala ya kazi. Ukimkosea mwenzio njiani, usingoje Jumapili. Tengeneza naye hapo hapo. Na usiku, kabla ya kulala, kumbuka jema moja ulilotendewa, kosa moja ulilolifanya, na mtu mmoja mwenye shida. Mambo hayo ni madogo, lakini wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Siku ya msiba itakuja kwa kila mmoja wetu. Hakuna mlango isioujua. Aliyezoea kusema na Mungu penye kinu na kisima hatakuwa na safari ndefu siku hiyo. Atakuta kwamba yule amwitaye alikuwa hapo tangu asubuhi. Basi leo mkirudi nyumbani, mkipewa ndoo au jembe au mtoto wa kubeba, msinung’unike. Anzeni hapo.