Mpiga Ilimba Ndiye Fundi wa Ilimba

Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati katika Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Tangu reli hiyo ilipofika Dodoma mwaka 1910, bidhaa za viwandani zimekuwa zikishushwa katika stesheni za Ugogo, na wakazi wamehesabiwa kuwa walaji tu: watu wa kununua vitu vilivyobuniwa na wengine. Hesabu hiyo ina kasoro. Msumari ulioletwa kwa kazi ya seremala umekuwa, mikononi mwa mpiga ilimba, malighafi ya ala ya muziki.

Ilimba ni sanduku la mbao lenye ndimi nyembamba za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Muundo wake si wa kubahatisha. Zimo ndimi ambazo hazipigwi kamwe. Hutetemeka zenyewe pale ndimi zenye sauti inayopatana nazo zinapopigwa, na hivyo kuurefusha mlio. Tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo. Gerhard Kubik, mtaalamu wa Austria aliyetafiti muziki wa Ugogo katika miaka ya 1960, alieleza kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inatokana na mfululizo wa asili wa sauti, ambamo kasi za mitetemo huhusiana kama 4, 5, 6, 7, 8 na 9. Elimu hiyo haikutoka katika maabara. Ilijengwa na wapigaji wenyewe, kwa kusikiliza na kusahihishana ngomani.

Humo ndimo anamozaliwa mjasiriamali wa aina ya pekee. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpigaji ndiye wa kwanza kuuhisi upungufu wa ala yake, naye huirekebisha kwa haja yake mwenyewe. Wenzake huisikia, huikosoa, kisha humwomba awatengenezee kama ile. Ya kwanza hutolewa kwa udugu. Maombi yakizidi, kazi huwa na bei. Mtu huyo hakuanza kwa kutafuta soko. Soko lilikuwa limekwisha kumzunguka.

Njia hiyo si ya Ugogo peke yake. Huko California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana waliopenda kuteremka milimani kwa baiskeli waliziunda upya baiskeli kuukuu ili zihimili mashimo na mawe. Baadhi yao wakafungua karakana, na viwanda vikubwa vikafuata baadaye. Mwaka 1976 mtaalamu wa Marekani, Eric von Hippel, alionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya mabadiliko muhimu katika vyombo fulani vya kisayansi alivyovichunguza yalibuniwa kwanza na watumiaji, wala si na watengenezaji.

Katika Ugogo mfano ulio bayana ni wa marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Alikuwa mpigaji, mtengenezaji na mwalimu wa ala hizo, na kutoka vijiji vya Dodoma aliufikisha muziki wa Kigogo katika majukwaa ya dunia. Huko Bagamoyo, mbali na Ugogo, ilimba na zeze zimepata makao mapya kwa njia hiyo.

Hata hivyo, yapo mambo mawili ya kuhadhari. La kwanza, fundi anayewatengenezea wageni wanaotaka pambo la ukutani hana wa kumsahihisha. Ilimba yake yaweza kupendeza macho huku sauti zake zikiwa hazipatani. La pili, ubunifu wa jumuiya hutegemea kupeana ujuzi bure. Mmoja akiufungia ujuzi wa wote dukani mwake, wenziwe watanyamaza, na chemchemi itakauka.

Yuko atakayesema kwamba nchi yenye ukame na njaa haina nafasi ya kuijali ilimba. Hoja hiyo haina uzito, kwa sababu tabia ile ile ya kurekebisha chombo ndiyo inayohitajika kwa jembe, jiko na ghala la mtama. Taifa lina Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo tangu mwaka 1973, na Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Vyombo vya namna hiyo visimsubiri mwenye mtaji na andiko la mradi aje ofisini. Viulize vijijini swali moja: ni nani ambaye wenzake wamekwisha kumwomba awatengenezee? Akipatikana, apewe chuma bora, vifaa vya kupimia na soko la haki, lakini aachwe miongoni mwa wapigaji wenzake. Akitengwa nao, atabaki mfanyabiashara tu, na ilimba itakuwa imempoteza fundi.