MFUKO UNA FEDHA, KIJIJI KINA SHIDA: NANI MWENYE SHAURI?

Iko kazi moja siku hizi katika miji yetu mikubwa, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, ambayo wengi wenu mwaijua kwa gari lake kuliko kwa jina lake. Gari jeupe huingia kijijini saa nne asubuhi. Hushuka kijana wa kwetu, mwenye adabu, kalamu mkononi. Husalimia wazee, huketi kwenye benchi la shule, huuliza na kuandika, na saa nane amekwisha ondoka. Huyo ndiye afisa ruzuku wa mfuko wa hisani. Fedha si zake. Shida si zake. Lakini kati ya fedha na shida yeye ndiye mlango, na akiufunga hakuna apitaye.

Hatusemi haya kwa kusikia. Baadhi yetu tunaoandika ukurasa huu tumeikalia meza hiyo kwa miaka, katika mfuko mmoja unaohudumia nchi hizi za Afrika ya Mashariki. Hatuutaji jina, maana ugomvi wetu ni na desturi nzima, wala si na nyumba moja.

Kazi yenyewe ni hii. Kila mzunguko maombi huja kwa mamia, na fedha zatosha kumi na mbili au kumi na tano. Afisa husoma, hukata, hutembelea wachache, kisha huandika karatasi ya kurasa mbili kwa bodi ya wadhamini. Bodi hukaa nusu siku na kuamua. Mjumbe wa bodi hakumwona mwombaji hata mara moja, amemwona afisa. Basi anayeandika vizuri juu ya kijiji ana nguvu kuliko kijiji chenyewe. Na nguvu hiyo hulevya. Ukiwa afisa ruzuku, watu hucheka mzaha wako hata usipochekesha, na katika miaka yote ile hatukumbuki mtu mmoja aliyesimama mbele yetu akasema, "Hapa umekosea." Twauliza: mtu asiyekosolewa na yeyote ajuaje kwamba hajapotea?

Sikilizeni kisa kimoja. Mkoani Singida kilikuwako kikundi cha akina mama waliokuwa wamechangishana wenyewe, shilingi kwa shilingi, wakanunua mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Mashine ilifanya kazi. Mafuta yaliuzwa, mashudu yaliuzwa. Walichokosa ni paa la maana juu ya mashine na ghala, maana mvua zikianza mbegu zilizobaki zililoa, pamoja na mshahara wa mwaka mmoja wa kijana wa kuiendesha. Waliomba shilingi 6,400,000. Hayo tu.

Tuliwapa fomu ya kurasa 18, ya Kiingereza. Tukawataka hesabu za miaka 3 zilizokaguliwa na mkaguzi mwenye cheti. Wao walikuwa na daftari la Kiswahili, kila mchango umeandikwa kwa tarehe, kila mwanachama ametia sahihi au dole gumba, na hatujapata kuona hesabu safi kuliko zile. Lakini daftari halikukubaliwa. Tulipouliza mjini bei ya mkaguzi kwa miaka 3, tulikuta angemeza sehemu kubwa ya fedha walizoomba. Na safari zetu mbili za kwenda kuwakagua, kwa mafuta ya gari, dereva na posho za kulala, gharama yake ilikaribia bei ya bati zote za paa lile. Hakuna aliyeona haya. Bajeti ya safari ilikuwa fungu jingine.

Kisha likaja kubwa zaidi. Mwaka ule mfuko ulikuwa umebadili shabaha. Mwaka uliotangulia ilikuwa kilimo. Sasa ilikuwa mabadiliko ya tabianchi. Tukawaambia akina mama wale, kwa upole kabisa na kwa kuwatakia mema, waandike kwamba paa ni kinga ya kijiji dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Mwenyekiti wao, mtu mzima, alitutazama kwa muda. Akasema, "Mwanangu, sisi tumeomba bati, nawe watuuliza habari za mbingu." Lakini waliandika. Mwalimu wa shule aliwasaidia, na hapo ndipo aibu yetu ilipo: watu wa kweli, waliokuwa na daftari la kweli, sisi wasomi tuliwafundisha kusema uongo ili wasaidiwe.

Wakubwa wetu wa zamani watajibu kwamba sharti hizi si zao, zatoka juu. Ni kweli kwa sehemu, nasi tutasema haki. Mifuko mingi ya huku hupata fedha kwa mifuko mikubwa ya Marekani, na mifuko hiyo ina sheria ya kwao iliyotungwa 1969. Mfuko binafsi ukitaka kupeleka fedha kwa chama cha nchi ya nje, ama uthibitishe kwamba chama hicho chalingana na vyama vya hisani vya kwao, ama uifuate kila senti: uchunguzi kabla ya kutoa, mkataba wa maandishi, fedha kutengwa katika hesabu yake, na taarifa kila mwaka. Afisa anayeogopa sheria hiyo si mjinga. Walakini someni tena mambo hayo manne. Ni wapi paliposemwa kwamba mama wa kijijini ajaze kurasa 18? Ni wapi paliposemwa kwamba asipewe mshahara wa fundi ila semina? Hayo hayakuandikwa na serikali ya Marekani. Yaliandikwa na watu wa ofisini, wengine wao wa rangi yetu, kwa kuogopa lawama.

Na maadamu tumeigusa sheria ile, wananchi wajue jambo moja ambalo kwenye semina halisemwi. Tajiri wa Marekani aliyeweka mali katika mfuko wake binafsi amekwisha punguziwa kodi siku aliyoiweka. Baada ya hapo sheria humtaka atoe kila mwaka kiasi cha asilimia 5 tu ya thamani ya mali ile. Nyingine yote yaweza kubaki katika hisa na dhamana, ikizaa. Na katika hiyo asilimia 5 huhesabiwa pia gharama za kuendesha ugawaji, yaani mishahara ya maafisa na safari zao. Hatusemi ni wizi. Ni sheria ya nchi yao. Twasema tu kwamba mtu anayepewa tone asifanywe apige magoti kana kwamba amepewa mtungi.

Wako watakaosema: "Mkiondoa sharti, fedha zitaliwa." Ndugu, fedha zaliwa sasa. Tumeviona vyama vya mkobani, mtu na mkewe na shemeji yake, ofisi yao ni begi. Hao fomu hawaiogopi hata kidogo! Kiingereza wanacho, wanajua maneno ya mwaka huu, na wakishindwa humlipa mtaalamu wa mjini awaandikie andiko la mradi. Aliyezuiwa na kurasa 18 ni mama wa daftari. Na kwa wale wanaoamini kitu kikifanywa na tajiri tu, tangu 2020 Bibi MacKenzie Scott wa Marekani ametoa mabilioni ya dola kwa vyama zaidi ya 2,000, vingi vya kwao na vingine vya huku Afrika, bila kuwapangia matumizi. Mbingu haikuanguka. Afisa wake mwema hufanya uchunguzi kimya kimya, kisha humwachia mwenye kazi afanye kazi.

Mengine tutayapitia upesi. Ruzuku ya mwaka mmoja ni udanganyifu, maana miezi 3 hupotea kungoja fedha na miezi 3 kuandika taarifa. Na aliyedhani kwamba mlango wa mwenzako haufungwi ghafula amekwisha ona. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka ule shirika la USAID lilikuwa limekoma. Lile lilikuwa shirika la serikali, halikuwa mfuko wa hisani, lakini muuguzi aliyeambiwa asije kazini kesho hakuona tofauti.

Sasa tujigeukie wenyewe, maana kulaumu wageni ni kazi nyepesi. Machi 1955 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini kule New York, na safari ile iliwezekana kwa michango ya wanachama na marafiki wa TANU. Hakuna aliyejaza fomu. Leo tazameni kadi za michango ya harusi zinavyozunguka mijini! Kamati huundwa, mweka hazina huchaguliwa, ahadi hufuatiliwa kwa simu usiku na mchana, na mamilioni hupatikana kwa wiki sita yakaliwa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo uwezo tunao na utaratibu tunao. Wakenya walianzisha mfuko wao wa maendeleo ya jamii, KCDF, 1997, wakahimiza michango ya wenyeji, na hawakungoja wawe matajiri kwanza. Sisi twangoja nini? Tajiri wa hapa anayelalamika juu ya sharti za wazungu, ametoa ngapi kwa zahanati ya kwao?

Tunalotaka kwa mifuko si jambo la ajabu. Ombi la kijiji lipokewe kwa Kiswahili, na asiyeweza kuandika aseme kwa mdomo, afisa ndiye aandike; analipwa kwa kazi hiyo. Daftari lililo safi lihesabiwe kuwa hesabu. Kodi ya nyumba na mshahara wa mtu wa kazi vilipwe bila kuvificha chini ya jina la semina. Fedha zitolewe kwa miaka 3, na katika bodi wakae watu waliopata kuomba wakakataliwa, maana hao ndio wanaojua mlango ulivyo kwa nje.

Akina mama wa Singida walikataliwa. Bodi ilisema hawana uwezo wa kusimamia fedha. Bati walizinunua wenyewe baada ya mavuno yaliyofuata, kwa mkopo waliokopeshana wao kwa wao. Barua ya kuwakatalia tuliiandika sisi, kwa Kiingereza, na ni mwalimu yule yule wa shule aliyeitwa awasomee.

Mfuko wowote wenye jibu juu ya haya ulilete. Ukurasa huu u wazi, na tutalichapa jibu hilo zima bila kulikata.